Nilisimama kwenye milioni moja na nusu

Mpendwa mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini. Nina kibanda chenye cherehani ya kawaida na ovaloki (mashine ya kufunga kingo za nguo) niliyoinunua kwa mkopo nikaumaliza. Mume wangu ni fundi ujenzi, leo ana kazi, kesho hana. Binti yetu mkubwa yuko mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi, na awamu ya pili ya ada, 650,000, inatakiwa kabla ya katikati ya Januari.

Mwezi wa sita kanisani kwetu kulikuwa na Jumapili ya ujenzi, akaletwa mhubiri mgeni. Alihubiri Mwanzo 22, Abrahamu na Isaka. Akasema kila mmoja wetu ana Isaka wake aliyemficha nyumbani, na Mungu aliyemtoa Mwanawe wa pekee hawezi kuridhika na sarafu zetu. Kisha akaanza kuita: wa milioni tano wasimame, wa tatu, wa mbili. Alipofika milioni moja na nusu nikasimama. Nilikuwa nalia. Jina likaandikwa, nikapewa kadi ya ahadi, mwisho Desemba. Mume wangu siku hiyo alikuwa kazini wilaya nyingine.

Mpaka sasa, tunapomaliza Oktoba, nimelipa 400,000. Bado 1,100,000. Mume anajua niliahidi, ila aliponiuliza kiasi nilimjibu "kidogo tu". Agosti binti alilazwa kwa malaria. Septemba mota ya cherehani ikaungua. Mama mmoja wa maombi akaniambia nadhiri isiyolipwa humfungulia mlango "yeye alaye", yaani mharibifu, wa Malaki 3, tena nisiwasahau Anania na Safira, waliokufa baada ya kudanganya juu ya sadaka. Tangu siku hiyo usingizi umekuwa wa kubahatisha.

Naona njia mbili. Kikoba chetu kinaruhusu kukopa mara tatu ya hisa, na hisa zangu ni 600,000. Riba ni asilimia 10, marejesho miezi mitatu, wadhamini wawili. Njia ya pili ni ovaloki, kuna fundi anatoa 850,000 taslimu. Shida ni kwamba Novemba hadi Januari ndio msimu wa sare za shule, na tayari nina oda ya seti 120. Miezi ya kawaida faida yangu ni kama 250,000, msimu hufika 600,000 kwa mwezi. Matumizi ya nyumbani huchukua kwangu kama 200,000.

Lakini kinachoniuma zaidi si hela. Mungu alimtoa Mwanawe, mimi nimeng'ang'ania mashine? Nyimbo za msalaba zikiimbwa najiona mdaiwa sugu. Nifanye nini?

Fundi wa Sare

*

Amina, mama. Umeandika kwa uwazi, na hesabu zako umezipanga vizuri kuliko wengi wanaotuandikia. Nikikuelewa, una ahadi uliyoitoa hadharani ambayo mfuko wako hauifikii kwa tarehe iliyowekwa, una mume asiyejua ukubwa wake, na juu ya yote una hofu kwamba Mungu ameanza kujilipa mwenyewe kupitia mtoto na mota. Mwenyewe umesema la mwisho ndilo linalouma zaidi, kwa hiyo tuanze hapo. Ukiuza mashine kwa hofu, hofu hiyo itabaki nawe hata kadi ikishapigwa muhuri.

Turudi kwenye mlima wa Abrahamu. Umehubiriwa nusu ya kwanza ya sura. Nusu ya pili mkono unazuiwa, kondoo dume anaonekana amenaswa pembe zake kichakani, na Isaka anashuka mlimani mzima. Abrahamu anapaita mahali pale kwa jina la Mungu apatiaye, jina lake mwenyewe na kisu chake hakuvitaja. Kanisa tangu zamani limeusoma mlima ule likitazama Kalvari, ambako mtoaji ni Mungu na hakuna aliyemzuia. Sasa ona Paulo anavyoitumia habari hiyo katika Warumi 8:32. Anasema kwamba yule asiyemwachilia Mwana wake, bali alimtoa kwa ajili yetu sote, atakosaje kutukirimia na mambo yote pamoja naye? Hoja yake inakwenda upande wa kupewa zaidi. Mahubiri uliyoyasikia yameigeuza hoja hiyohiyo ikawa ankara. Nakuomba uitafakari hiyo tofauti kabla ya kufika kwenye fedha.

Lugha ya deni ina historia ndefu kanisani. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, aliifanyia kazi kubwa katika maandishi aliyoyamaliza mwaka 1098, akieleza dhambi kama deni la heshima ambalo mwanadamu hawezi kulilipa. Lakini hata kwake mlipaji ni Kristo. Hakubakiza salio la washirika kulipa kwa awamu. Waraka kwa Waebrania, sura ya 10, ni mkali zaidi: dhabihu imetolewa mara moja, na aliyeitoa ameketi. Basi unapoimba wimbo wa msalaba ukajiona mdaiwa sugu, jiulize ni mstari upi hasa wa wimbo unaosema hivyo, na ni upi umeongezwa na siku ile ya Juni.

Najua utaniuliza, "Basi dhabihu zetu hazina maana?" Zina maana. Daudi alikataa kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu, akanunua uwanja wa kupuria na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha. Wamakedonia wa 2 Wakorintho 8 walitoa hata kupita uwezo wao, na Paulo anawasifu. Siwezi kukuambia utoaji unaouma ni kosa. Ila Paulo huyohuyo, katika sura ileile, anawaandikia Wakorintho hivi: "Maana, kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo." Wamakedonia, kwa maelezo yake, waliomba wenyewe kushiriki. Hakuna aliyewapangia madaraja ya kusimama.

Torati, ambayo watu huiogopa kwa ukali wake, ni laini sana mahali hapa. Fungua Walawi 5. Mtu aliyekosa alete kondoo au mbuzi jike. Asipoweza, hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Hao nao asipowaweza, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba. Wataalamu wengi huikadiria efa kuwa lita 22 hivi, kwa hiyo tunazungumzia lita mbili na ushee za unga, bila mafuta wala ubani. Na mwenye unga husomewa neno lilelile la mwenye njiwa: naye atasamehewa. Sura ya 12 ina ngazi ya namna hiyo kwa mama aliyejifungua, na ukifika Luka 2:24 utakuta Yusufu na Mariamu wamesimama hekaluni kwenye daraja la ndege wawili. Nyumba aliyolelewa Mwana wa Mungu ilitoa sadaka ya maskini, na hakuna malaika aliyelalamika.

Hata nadhiri ilikuwa na ngazi. Walawi 27 inaweka viwango vya nadhiri za watu, shekeli 50 kwa mwanamume wa miaka 20 hadi 60 na 30 kwa mwanamke, halafu mstari wa 8 unasema aliyeweka nadhiri akiwa maskini kuliko kiwango, aende mbele ya kuhani naye amhesabie kwa kadiri awezavyo. Maana yake kurudi kwa viongozi na kusema "kiasi hiki kimenishinda" ni njia iliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe. Wala huhitaji kutoroka kanisani.

Nisikupake mafuta, lakini. Mhubiri 5 inaonya mtu asiseme ovyo kisha akamwambia mjumbe kwamba ilikuwa kosa tu. Ahadi yako ina uzito, na uzito huo una sura ya kawaida kabisa: huenda kamati imeagiza mabati au imemwahidi fundi kwa kutegemea kadi zilizoandikwa siku ile. Kukaa kimya hadi Desemba 31 kutawaumiza kuliko kuwaambia Novemba.

Kuhusu "yeye alaye". Malaki anawakemea makuhani kwa kirefu kabla hajafika kwenye zaka, na zaka ya mwaka wa tatu, kwa Kumbukumbu 14:28-29, ilikuwa chakula cha Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Hakuna mahali pale panaposema mtoto wa mshirika ataugua kwa sababu ya kadi ya ujenzi. Yesu alikutana na swali la namna hiyo mara mbili, juu ya yule aliyezaliwa kipofu katika Yohana 9 na juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu katika Luka 13, na mara zote mbili alikataa kufunga hesabu ya msiba na dhambi. Malaria huletwa na mbu. Mota ya cherehani huungua umeme unapopanda na kushuka, au vumbi la nyuzi linapoziba matundu ya hewa ikapata joto. Mwulize aliyeitengeneza alikuta nini ndani, kisha weka kidhibiti umeme na pulizia matundu hayo kila wiki msimu huu.

Na Anania? Soma Matendo 5:4 polepole. Petro anamwambia shamba lilipokuwa kwake lilikuwa lake, na hata lilipokwisha kuuzwa fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lao lilikuwa kudanganya juu ya kiasi. Kama habari hiyo inakugusa popote, mama, nadhani inagusa pale uliposema "kidogo tu". Nalisema kwa upole, kwa kuwa najua ulisema hivyo kwa woga.

Sasa tuje kwenye daftari.

Kikoba kwanza. Ukikopa 1,100,000 kwa riba ya asilimia 10 utarudisha 1,210,000, karibu 403,000 kila mwezi. Tuseme unachukua Desemba. Ziada yako ya msimu ni 400,000 kwa mwezi, kwa hiyo Novemba na Desemba zinakupa 800,000. Toa ada, zinabaki 150,000. Januari unalipa rejesho la kwanza bila shida. Februari sare zimekwisha, ziada ni 50,000, na hata ukiongeza zile 150,000 una 200,000 tu dhidi ya 403,000. Hapo ndipo utakapokwama, na watakaofuatwa ni wadhamini wako wawili, huku hisa zako 600,000 zikishikiliwa hadi kikoba kivunjwe. Tena mfuko ule una hela za akina mama wengine ambao hawakusimama siku ile.

Ovaloki nayo haifiki. Ukipata 850,000 bado unadaiwa 250,000. Seti 120 ni vipande 240, na kila kipande utakipeleka kwa mwenzako akupigie ovaloki. Akikutoza 500, hiyo ni 120,000, na hapo sijahesabu siku za kusubiri foleni wakati kila fundi mjini ana sare zake. Kinachoharibu oda za sare mara nyingi ni kuchelewa. Shule ikifungua bila mzigo, mwakani oda inakwenda kwingine. Kuna jambo jingine pia: mashine hiyo ndiyo inayolipa ada ya binti. Yesu, katika Marko 7, aliwakemea watu waliotangaza mali kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Pale ni wazazi, kwako ni mtoto. Utapima mwenyewe kama hoja inavuka.

Kwa upande mwingine, huenda ukaomba, ukazungumza na mumeo, hofu ikaondoka, na bado ukataka kuitoa mashine kwa furaha. Watu wa namna hiyo wapo na siwacheki. Kipimo ninachokupa ni hiki: mchungaji angekuambia leo kadi yako imefutwa na hakuna atakayekuuliza, ungependa kutoa kiasi gani, na lini? Andika tarakimu ya kwanza inayokuja. Paulo anataka utoaji usio wa huzuni wala wa lazima, na tarakimu hiyo itakuonyesha mpaka ulipo kati ya moyo wako na msukumo wa siku ile.

Njia ya tatu, ambayo hukuitaja, ni kupanga upya. Kwa hesabu zako mwenyewe, bila kukopa wala kuuza, unaweza kulipa 150,000 mwisho wa Desemba baada ya kutenga ada. Januari ukaongeza 300,000 badala ya 400,000 yote, maana wadogo wawili nao wanafungua shule. Zinabaki 650,000, na kwa 50,000 kila mwezi utamaliza baada ya miezi 13. Ni ndefu, tena haina nafasi ya ugonjwa, kwa hiyo ukikubali mpango huu omba iandikwe kwamba mwezi mgumu unaweza kurukwa.

Unaweza kuufupisha kwa kazi ya mikono. Makanisa hulipa mafundi kushona sare za kwaya na vitambaa vya madhabahuni. Ushonaji wa sare 24 kwa 15,000 kila moja ni 360,000. Lakini bei ikubaliwe na kuandikwa kabla hujakata kitambaa, kitambaa wanunue wao, na kazi ianze Februari msimu ukiisha. Bila maandishi watu husahau, na mwishoni utaambiwa ulijitolea na kadi iko palepale.

Ipo pia njia ya kuomba kupunguziwa. Hiyo ni halali kwa roho ya Walawi 27:8, ila wewe ndiye unayeijua dhamiri yako. Kuna watu hupunguziwa wakapumua, na kuna wanaobaki wakijiona wameiba. (Musa, katika Kutoka 36, aliwatangazia watu waache kuleta vitu kwa kuwa vilikuwa vimezidi. Natamani kila kamati ya ujenzi isome sura hiyo.)

Kabla ya lolote kati ya hayo, mume. Usimwambie jioni aliyorudi bila kazi. Mwonyeshe kadi, stakabadhi za 400,000 na ukurasa mmoja wa hesabu, na utaje milioni moja na nusu kwanza, maelezo yafuate. Anaweza kukasirika. Anaweza kutaka kwenda kumkabili mchungaji siku hiyohiyo, mwombe asubiri. Anaweza pia kukutajia Hesabu 30, ambapo mume aliruhusiwa kutangua nadhiri ya mkewe siku aliyoisikia. Sheria ile ilikuwa ya nyumba za wakati ule, na nisingependa itumike kama rungu kwake wala kama mlango wa dharura kwako. Kama unajua kwamba hasira yake hufika mkononi, anza na mzee wa kanisa mnayemwamini wote wawili, akae nanyi.

Kisha mwoneni mhazini pamoja, siku ya katikati ya wiki, ofisini. Jumapili baada ya ibada ana watu kumi mlangoni. Nendeni na karatasi yenye mistari minne: nilichoahidi, nilicholipa, ninachoweza na kwa tarehe zipi, na saini. Muulize kama majina ya waliobakiza husomwa au kubandikwa, na uombe lako liandikwe kuwa limepangwa upya. Lisibaki kwenye orodha ya wasiolipa. Akikataa, hasemi kwa niaba ya kanisa zima, ombeni kuonana na mchungaji.

Usingizi usiporudi hata baada ya kuzungumza na mumeo, mwone pia mganga wa zahanati. Mwili uliokesha tangu Septemba hauombi vizuri wala haukati kitambaa sawasawa. Na kwa mhazini msivuke wiki ya pili ya Novemba, wakati kamati ingali na nafasi ya kubadili mipango yake.